Udi Usikike, na Mpigaji Arudi Nyumbani Salama

Maelezo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya vikundi vya taarab na ngoma za kiasili, vijana wanaokodisha mitambo ya sauti na wasimamizi wa kumbi za kijamii, katika kikao cha matayarisho ya sherehe za Mashujaa. Yamechapishwa kwa ombi la waliokosa nafasi ukumbini.

  

Nimepewa nusu saa, na nitaitumia yote kuzungumzia kisanduku kimoja cha chuma kinachoenea kiganjani. Najua wengine mlitarajia kusikia habari za malipo ya vikundi. Hizo zitatolewa na wenzangu wa idara ya utamaduni baada ya chai, kwa hivyo msiondoke.

Mimi si fundi wa sauti. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuhakikisha wananchi wa kaunti hii wanapata taarifa. Lakini sherehe inapofanyika uwanjani, ofisi yetu ndiyo hurekodi, na sauti tunayorekodi huitoa kwenye mikisa ileile inayolisha spika za uwanja. Ninapokaa kwenye kompyuta kesho yake kuhariri, nasikia kila kitu kama kilivyotoka jukwaani. Wakubwa nawasikia vizuri. MC namsikia vizuri kupita kiasi. Kibodi naisikia. Mzee wa udi namuona kwenye picha, vidole vinakwenda mbio, macho ameyafumba, lakini simsikii.

Baada ya hapo mambo hufuatana kwa mpangilio ambao nyote mnaujua. Mzee anaombwa asogee karibu na maiki. Spika zinapiga mluzi. Fundi anapunguza sauti. Mzee anapotea tena. Wimbo unakwisha, watu wanapiga makofi kwa adabu, na mwaka unaofuata kikundi kinakuja na kibodi tu. Hakuna mtu aliyepiga marufuku udi. Umeachwa nyumbani kwa sababu haukusikika, na kijana aliyekuwa anajifunza kwa mzee anauliza: nijifunze chombo ambacho jukwaani hakina kazi?

Jambo hili linaihusu serikali ya kaunti moja kwa moja. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Jedwali hilohilo limezikabidhi pia kazi ya kudhibiti kelele. Kwa hivyo tukikuambieni suluhisho ni kuongeza spika nyingine nne, tutakuwa tunatimiza kazi moja kwa kuvunja nyingine, na majirani wa uwanja watatupigia simu usiku kucha kama wanavyofanya sasa.

Tuanze na maiki. Maiki haina akili ya kuchagua. Inachukua kila hewa inayotikisika mbele yake: nyuzi za udi, ngoma iliyo pembeni, upepo wa bahari, na sauti ya spika yenyewe. Sauti ya spika ikirudi kwenye maiki inakuzwa, inatoka, inarudi tena, na kabla hujafumba jicho ni ule mluzi unaowafanya watoto wazibe masikio. Sasa udi ulitengenezwa uchezwe sebuleni au barazani, wasikilizaji wamekaa karibu. Ili maiki iusikie katikati ya ngoma na kibodi, fundi lazima aifungue sana. Akiifungua sana, mluzi. Fundi hakukosea, na udi si dhaifu. Njia iliyotumika ndiyo haikufaa.

Njia nyingine ni kutosubiri sauti ifike hewani. Unabandika kwenye chombo chenyewe kidude kinachosikia mtikisiko wa mbao. Mafundi hukiita pikapu, na sisemi ile ya kubebea nazi. Kwa vyombo visivyo vya umeme, inayotumika sana ni ya aina ya piezo: kisahani chembamba cha madini chenye tabaka la kauri, ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo sana. Kisahani kama hicho ndicho kinacholia ndani ya saa ya kuamsha watu, ndani ya kadi za salamu zenye muziki na ndani ya vitu vya kuchezea watoto. Huko kinapelekewa umeme, kinatikisika, kinalia. Hapa kazi inageuzwa: udi unakitikisa, nacho kinatoa umeme. Bei yake ni ndogo sana. Na kwa kuwa hakijali sana hewa, ngoma ya jirani na spika ya uwanja hazikisumbui kama zinavyoisumbua maiki.

Hapo kijana atasema: basi nimepata pikapu, nimepata waya wa jeki, nachomeka kwenye mikisa, kazi imekwisha. Wengi wamefanya hivyo, na wengi wamepata sauti nyembamba kama ya redio iliyoishiwa na betri, pamoja na ngurumo nyuma yake. Wakaamua kwamba piezo ni takataka. Kumbe piezo haina kosa.

Chukua tangi dogo la maji lenye bomba jembamba. Ukiunganisha bomba hilo na mfereji mpana wa shambani ulio wazi, presha inaanguka papo hapo. Maji yapo, lakini hayafiki na nguvu yoyote. Piezo ni tangi hilo dogo. Ina umeme, lakini inautoa kwa taabu, kupitia upinzani mkubwa ambao mafundi huuita impidansi. Tundu la kawaida la mikisa linavuta sana kuliko piezo inavyoweza kutoa, na kinachoanguka kwanza ni besi. Ndiyo maana sauti inabaki nyembamba. Hiyo ni shida ya kwanza.

Shida ya pili ni urefu wa waya. Waya wa jeki una njia moja ya sauti iliyozungukwa na wavu wa kuikinga. Kwa mita tano au sita hauna neno. Lakini mikisa ya uwanjani iko mita 30 au zaidi kutoka jukwaani, chini ya hema. Waya wa jeki wa urefu huo unageuka kuwa antena. Umeme wetu wa Kenya hukamilisha mzunguko wa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mdundo huo ndio ngurumo mnayoisikia waya ukipita karibu na waya wa jenereta au wa taa.

Kisanduku ninachokizungumzia kinatatua shida zote mbili. Jina lake kwa mafundi ni dairekti boksi, au kwa kifupi DI, mkilitamka "di ai". Upande mmoja kina tundu la jeki, na chombo kinaingia hapo kwa waya mfupi. Upande wa pili kina tundu la pini tatu, lile la waya wa maiki, na kutoka hapo unakwenda kwenye mikisa kwa waya mrefu unavyotaka ndani ya uwanja wa kawaida.

Ndani ya vile rahisi mna transfoma, binamu mdogo sana wa ile mnayoiona kwenye nguzo ya Kenya Power. Ya nguzoni hupokea, kwa mfano, volti 11,000 na kuzishusha hadi 240 za nyumbani. Hii ya kisandukuni hupokea umeme wa chombo na kuushusha hadi kiwango cha maiki, na katika kushusha huko inabadilisha pia ule upinzani, ili chombo kisivutwe kwa nguvu na mikisa ipate inachokipenda. Waya wa upande huu haugusani na waya wa upande ule. Sauti inavuka kwa sumaku. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Na zile pini tatu? Moja ni ya wavu wa kinga. Mbili zilizobaki zinabeba sauti ileile, ila moja imepinduliwa kichwa chini. Mfikirie mizani ya duka. Vumbi likianguka sawasawa kwenye visahani vyote viwili, mshale hausogei. Unasogea tu ukiweka mzigo upande mmoja. Ngurumo ya njiani ni vumbi hilo: inaziangukia nyaya zote mbili sawa. Mikisa inapima tofauti kati ya nyaya hizo mbili tu, kwa hivyo ngurumo haionekani kwenye hesabu, na sauti ya udi inabaki. Ndiyo maana waya wa maiki unaweza kuvuka uwanja mzima.

Hii si teknolojia ya jana. Miaka ya 1960, studio za Motown mjini Detroit, Marekani, zilikuwa tayari zinarekodi gitaa la besi kwa kulipeleka moja kwa moja kwenye mitambo bila kuweka maiki mbele ya spika. Sisi tunazungumza habari ya udi, lakini kanuni ni ileile.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa mnaokwenda kununua, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea. Visanduku viko vya aina mbili: visivyotumia umeme na vinavyotumia umeme. Visivyotumia umeme vina transfoma peke yake. Ni imara, havihitaji chochote, na kwa kibodi, kompyuta au simu ya kuchezea nyimbo ndivyo hasa vinavyofaa, kwa sababu vifaa hivyo vina nguvu zao. Lakini upande wa chombo, kisanduku cha aina hiyo mara nyingi kina impidansi ya kama omu 140,000. Piezo tupu inataka omu 1,000,000 au zaidi. Ukiichomeka hapo, besi inapotea tena, na utarudi dukani kugombana na mwenye duka bure.

Kwa hivyo shikeni hivi: chombo kisicho na betri, kisanduku chenye umeme, chombo chenye umeme wake, kisanduku kisicho na umeme. Udi wenye piezo ya kubandika, chukua kinachotumia umeme. Udi au gitaa lililofungwa kikuza sauti kidogo chenye betri ndani yake, chochote kinafaa.

Kisanduku kinachotumia umeme hupata umeme huo kwa betri ya volti tisa, au kutoka kwenye mikisa yenyewe kupitia waya uleule wa maiki. Huo wa mikisa huitwa fantomu, na kwa kawaida ni volti 48. Kwenye mikisa nyingi ndogo swichi yake ni moja kwa njia zote. Fundi aibonyeze sauti kuu ikiwa chini kabisa, maana ikiwashwa spika zikiwa wazi kuna mlipuko wa sauti unaoweza kuua spika na kumtimua mgeni wa heshima. Mwenye betri naye abadilishe kabla ya sherehe, asingoje ife katikati ya kaswida.

Swichi za kisanduku si nyingi. Ile ya padi hupunguza sauti inayoingia ikiwa kali mno, kama ya kibodi. Kwa piezo iacheni. Baadhi vina swichi ya kupindua mwelekeo wa sauti: udi ukianza kuvuma wenyewe kwa besi kwa sababu spika ya jukwaani inautikisa tumbo, jaribuni kuigeuza hiyo kabla ya kupunguza sauti, mara nyingi inasaidia. Vingi vina tundu la pili la jeki, na kutoka hapo unaweza kulisha spika ndogo iliyo karibu na mpigaji ajisikie. Halafu kuna swichi ya erthi, na hapo naomba simu ziwekwe chini kidogo.

Ngurumo ikianza jukwaani, mara nyingi sababu ni kwamba vifaa viwili vimeunganishwa na erthi kwa njia mbili. Mikisa imechukua stima ofisi ya uwanja, kikuza sauti cha jukwaani kimechukua stima kwenye kioski au jenereta upande wa pili. Erthi za mahali hapo pawili hazilingani kabisa, na waya wa sauti unaoziunganisha unapitisha umeme mdogo. Huo ndio unaonguruma.

Na kila mara huwa yupo mtu mwenye dawa ya haraka. Anafungua plagi ya pini tatu, anaung'oa waya wa erthi, anafunga tena. Au anaikata pini yenyewe. Ngurumo inakwisha kweli, na watu wanampigia makofi. Vijana wangu, hiyo si dawa. Erthi ya plagi iko pale kwa kazi moja: waya wenye moto ukichubuka ndani ya kikuza sauti na kugusa bodi la chuma, umeme upate njia ya kukimbilia ardhini na fyuzi ikatike. Ukiikata, bodi hilo litakaa na volti 240 likimsubiri mtu. Waya wa jeki unatoka kwenye bodi hilo hadi mkononi mwa mpigaji. Mdomo wake unagusa maiki, na maiki ina erthi kupitia mikisa. Njia ya umeme inakuwa mkono, kifua, mdomo.

Mwaka wa 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maiki katika mitambo ambayo erthi yake haikuwa sawa. Mbele ya watu waliolipa kumsikiliza. Mtaniambia udi una nyuzi za nailoni. Ni kweli, na hilo linaweza kuwapa moyo wa uongo. Plagi ya jeki ni ya chuma. Tashkota ina nyuzi za chuma. Gitaa lina nyuzi za chuma. Na akina mama wanaopanda jukwaani kumtunza mwimbaji wanamgusa wakiwa wamevua viatu, wakati mwingine baada ya mvua.

Swichi ya erthi ya kisanduku cha DI ndiyo njia halali ya kukata ngurumo hiyo. Inakata wavu wa waya wa sauti upande wa pini tatu, basi. Erthi ya plagi ya stima inabaki kazini ikilinda watu. Na kwa vile vya transfoma nilisema sauti inavuka kwa sumaku, nyaya hazigusani. Ndiyo maana ukibonyeza swichi hiyo ngurumo hukatika na muziki ukaendelea. Ikiwa haikukatika, iwasheni tena na mtafute chanzo kwingine. Mara nyingi ni adapta ya kibodi au waya mbovu.

Wasimamizi wa kumbi na viwanja, hapa mna kazi yenu. Stima yote ya jukwaa na mikisa itoke mahali pamoja, na ipitie swichi ya usalama inayokatika umeme ukivuja, ile ya miliampia 30. Uunganishaji ufanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Mkiona plagi ya pini mbili imelazimishwa kwa kalamu ndani ya tundu, zimeni kwanza, salamu baadaye.

Nirudi kwenye vyombo, ambako ndiko raha iliko.

Kabla ya kikao mzee mmoja wa taarab alinivuta kando akaniambia udi wake ni wa marehemu baba yake na hakuna mtoto atakayeutoboa. Mzee, uko sawa, na wala hautatobolewa. Piezo inabandikwa kwa gundi laini kama ile ya kubandikia mabango ukutani, isiyoacha alama, na inatolewa wimbo ukiisha. Mahali pa kuanzia ni usoni mwa udi, nyuma kidogo ya daraja zinapofungwa nyuzi. Ukikaribia daraja sauti inakuwa kali, ukiisogeza mbali inakuwa nene lakini ya matope. Dakika tano za kuisogeza huku mwenzako akisikiliza kwenye spika zina faida kuliko vifaa vya bei. Waya ufungwe kwenye mshipi au kwenye kiti, usining'inie, maana ukivutwa piezo inasikia kila mguso.

Nisiwadanganye kwamba piezo inatoa sauti ya udi kama mnavyoisikia barazani. Haitoi. Ina ukali fulani, kama kucha kwenye bati, kwa sababu inasikia mbao karibu mno na haisikii hewa iliyomo tumboni mwa udi. Mafundi, punguzeni kidogo sauti za kati na za juu, ondoeni besi ya chini kabisa isiyo na kazi. Jukwaa likiwa tulivu, ongezeni maiki moja kwa mbali kidogo na muichanganye kwa uchache: kisanduku kibebe nguvu, maiki ilete harufu ya udi. Ngoma zikianza kuvuma, fungeni maiki, na udi hautapotea.

Kaunti yetu ina watu wa kila pembe ya Kenya, na mara nyingi jukwaani hupanda nyatiti ya Waluo. Hiyo ni kazi tamu kwa fundi. Ina nyuzi nane na tumbo la mbao lililowambwa ngozi. Mpigaji hukaa chini, amevaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu anayogongea upinde wa chombo, na njuga mguuni. Piezo ikiwa karibu na daraja itasikia nyuzi, na mgongo wa pete utapita kwenye mbao ukasikika pia. Njuga haitazisikia, kwa hivyo maiki fupi iwekwe chini karibu na mguu. Ngozi msiipake gundi bila ruhusa ya mwenyewe. Akikataa, bandikeni kwenye mbao ya tumbo. Marehemu Ayub Ogada aliufikisha mlio wa nyatiti kwenye majukwaa ya Ulaya, na albamu yake ya 1993, En Mana Kuoyo, ilitolewa na Real World ya Uingereza. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba chombo hiki hakiwezi jukwaa kubwa.

Fidla na kanuni zinafuata njia ileile ya udi, ingawa kanuni ni pana na wakati mwingine huhitaji piezo mbili. Orutu pia. Chivoti, zumari, kayamba, marimba na ngoma acheni na maiki zao. Sauti ya filimbi inazaliwa hewani, hamna mbao ya kubandika, na ngoma haijawahi kulalamika kwamba haisikiki. Kibodi nayo ipewe kisanduku chake, kisicho na umeme, badala ya kuvutiwa waya wa jeki wa mita 30. Nasema hivi kwa sababu ngurumo nyingi zinazolaumiwa udi zinatoka kwenye kibodi.

Mnaokodisha mitambo: mara nyingi makubaliano huandika idadi ya spika na maiki, na hapo yanaisha. Kuanzia sasa ofisi yetu itakuwa ikiuliza pia visanduku vya DI ni vingapi na ni vya aina gani. Viwili vinavyotumia umeme na viwili visivyotumia vinatosha kikundi cha taarab cha kawaida, na vyote vinne havifikii bei ya spika moja kubwa. Ikiwa swali letu litajibiwa kwa "ngapi nini?", tutajua pa kuanzia.

Viongozi wa vikundi: andikeni kwenye fomu ya ushiriki kila chombo cha nyuzi mtakachokuja nacho, kina pikapu au hakina. Fomu ziko kwa wasimamizi wa wadi. Fikeni mapema kwa majaribio ya sauti. Kikundi kinachofika MC akiwa ameshika maiki hakitapata muda wa kubandika chochote, na tutarudi kulekule kwa kibodi. Na wakati wa majaribio kila mtu afuate utaratibu mmoja: fundi ashushe sauti ya njia hiyo, waya uchomekwe, kisha sauti ipandishwe polepole. Kuchomoa vilevile. Asiyesubiri ishara ya fundi ndiye anayetoa ule mlio wa "paa" uwanja mzima.

Mama wa kikundi cha wanawake ameinua mkono tangu nilipoanza, na nadhani najua swali lake: je, kikundi kisicho na pesa hata ya piezo? Mama, piezo ni ya bei ndogo sana, na kikundi kimoja kinaweza kuwa nayo kwa miaka. Kisanduku si lazima kiwe chenu, ni kazi ya mwenye mitambo. Ninyi leteni udi, piezo na waya mfupi mzima wa jeki. Waya huo uwe wenu, ukae ndani ya kasha la udi, na asiazimwe mtu.

Sasa kijana wa mitambo ameshafunga kila kitu pale mbele. Tutausikiliza udi kwanza kwa maiki peke yake, ngoma zikipigwa, halafu kwa kisanduku, ngoma zilezile, spika zilezile. Mzee, karibu jukwaani. Viatu usivue.